Njia Panda ya Konde

Mke wangu wa kwanza alifariki Tumbe, nyumbani kwa wazazi wake, nami wakati huo nilikuwa ndani ya msitu wa Ngezi nikimhesabia mzungu popo. Nalisema mapema kwa sababu sipendi mtu anayesimulia huku ameficha jambo mgongoni. Nimeshaona kuficha kunavyofanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mtu wa Gando. Nililima muhogo na mpunga kama wenzangu, lakini miguu yangu haikutulia shambani. Njia zote za kaskazini nilizijua, za juu ya vilima na za chini ya mabonde, na nilijua kila kisima chenye maji matamu. Karani mmoja wa ofisi ya serikali pale Wete alikuwa na habari zangu, na kila akija mgeni wa kutembezwa alimtuma mtu kuniita. Nimewatembeza wapima ardhi, na daktari wa ng'ombe, na bwana mmoja aliyekuwa akitafuta konokono. Kiburi nilikuwa nacho, sitakataa. Mgeni akiniuliza kama bado mbali, nilikuwa sijibu.

Tulikuwa tumeoana mwaka na nusu. Yeye alikuwa na maneno kuliko mimi, na alicheka kwa urahisi, hasa akinicheka mimi. Tukitoka pamoja nilikuwa natangulia, najisahau, namwacha nyuma kabisa, mpaka anaita, "Weye hutembei na mtu, weye wakimbizwa." Basi narudi nyuma, natembea naye pole pole kwa hatua kumi, kisha najisahau tena. Mapenzi yenyewe yalikuwa hayo. Sikuwa na maneno mengine ya kumwambia na sikujua kama yanahitajika.

Mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, ndiyo desturi yetu. Ilipotimia miezi minane nilimpeleka Tumbe kwa gari la ng'ombe, na ndoo yake na mkeka wake na mto aliokuwa hawezi kulala bila huo. Siku naondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia, "Usiye ukawa misituni siku hiyo." Nikamwambia siku hiyo nitakuwa barazani kwa baba yake, na mtoto nitamwadhinia mwenyewe sikioni. Mkunga alikuwa ameshamtazama na kusema mwezi mzima bado.

Lipo neno moja nililopaswa kulisema pale mlangoni sikulisema. Wakati ule mwanamke aliyeolewa hakupelekwa hospitali kupasuliwa bila mumewe kutoa idhini. Baba yake mzazi hakuweza kutoa idhini hiyo, maana alishamwoza. Nilipaswa kusema: mambo yakiwa mazito, mpelekeni Wete, msiningoje. Lakini kulitaja jambo kama hilo kwa mwenye mimba ni kumtakia shari, na tena nilijua nitakuwepo. Nikashika njia yangu.

Wiki mbili baadaye karani akaniita. Mgeni alikuwa bibi wa Kiingereza, mtu mzima mwenye mvi, amevaa viatu vya kiume na kofia ya ukili aliyoinunua sokoni. Alitaka kutembea kwa miguu siku tano, aone miti na vijiji, na zaidi ya yote ahesabu popo. Popo wetu hawa wakubwa wanaoning'inia mitini kwa mamia, alisema, hawapatikani pengine popote duniani. Nilipanga safari itoke Wete, ipite Kinyasini na Konde, iingie Ngezi, itokee Makangale, na iishie Tumbe. Karani alidhani nimepanga hivyo kwa ajili ya popo. Mimi nilipanga ili siku ya tano jua la adhuhuri linikute ukweni, kazi imekwisha, nikae nimngoje mtoto.

Tulikuwa watu wanne, yeye na mimi na wapagazi wawili. Mvua za mwaka zilikuwa ndiyo kwanza zimekatika, njia zinateleza, na mikarafuu ilikuwa na majani mapya mekundu. Kila tulipopita watoto walitoka kumtazama bibi, na wakubwa walitoka kujifanya wanawaita watoto. Walipoambiwa anahesabu popo, jambo la kwanza waliuliza kama anawala. Nikasema hawali. Wakauliza basi anawahesabu ya nini. Bibi kizee mmoja wa Kinyasini aliyekuwa akianika muhogo alifikiri sana, kisha akauliza, "Akishawahesabu, atawapeleka wapi?" Nilimfasiria mgeni, akacheka mpaka akakaa kwenye gogo. Alikuwa mtu mwema. Naliandika hili kwa sababu kwa miaka mingi nilitamani angekuwa mbaya.

Kiswahili alikijua, kile cha kujifunza kitabuni, na alikisema bila kuzungukazunguka. Alitaka kujua kila kitu na aliuliza kila kitu. Una mke? Yuko wapi? Ana mimba? Atazaa lini? Wapagazi walikuwa wakiinamisha vichwa kwa aibu, na mimi namjibu Inshaallah, Inshaallah, mpaka akachoka. Kwetu mwanamume haulizwi mkewe hivyo. Ukitaka kujua, unauliza, "Nyumbani hawajambo?" naye anajibu, "Hawajambo," na hapo umeuliza yote na umejibiwa yote.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tukafika Konde. Pale njia hugawanyika. Ukishika mkono wa kushoto unakwenda Ngezi, ukishika wa kulia unakwenda Tumbe, na kutoka pale mpaka mlangoni kwa mkwe wangu, kwa miguu yangu, ni saa moja na nusu. Bibi akaniuliza, "Tuanze wapi?" Aliniachia mimi, na mimi nikasema Ngezi. Sababu yangu ilikuwa ya mtu mwenye adabu zake: nikitokea ukweni na mzungu na wapagazi wawili, watachinja kuku, watatandika vitanda, mama mkwe atahangaika na mwanawe ni mzito. Nilitaka kufika mwisho, peke yangu, bila kumtaabisha mtu.

Tukakaa kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja tunywe kahawa. Wanaume wa pale, kama saba au wanane, wakatupisha. Hata dakika chache hazijapita, nikamwona mkwe wangu anakuja na baiskeli.

Alikuwa mchuuzi wa samaki. Kila asubuhi alichukua samaki Tumbe akawaleta Konde katika tenga nyuma ya baiskeli, na kufika saa nne keshauza karudi. Siku ile alikuja alasiri inakaribia, na tenga lilikuwa tupu. Mchuuzi hatoki Tumbe na tenga tupu. Nililiona tenga kwa macho yangu na sikufikiri kitu. Niliinuka kwenda kumpokea, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa, kwa sababu mkwe ni mkwe. Tangu nimemwoa binti yake sidhani tulikuwa tumezungumza maneno hamsini mimi na yeye, na mengi katika hayo yalikuwa salamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi. Kwema huko?"

"Kwema."

Wageni hushangaa wakiambiwa hivi, lakini sisi hata nyumba ikiwa inaungua huanza na kwema. Kwema ni mlango tu. Salamu zikishapita, mtu akishakaa, akishapewa kahawa, hapo ndipo huja "ila". Mkwe wangu akakaa. Akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Mwendapi vino?" akauliza.

"Ngezi, baba. Kwenu tutafika mtondo, Inshaallah."

"Mtondo," akasema. Maana yake siku ya tatu tangu ile. Akakitazama kikombe. "Hakuna njia mkaanzia kwetu?"

"Tutawataabisha, baba."

"Hakuna taabu. Mama yako angependa uye leo."

"Msalimie sana. Mwambie tuko njiani."

Nilidhani ananikaribisha. Mtu mwenye heshima zake hana budi kukaribisha, na mwenye kukaribishwa naye hana budi kukataa kwanza. Nilikataa vizuri sana. Na yeye, mbele ya wanaume wanane na mzungu, angesemaje? Angefungua vipi kinywa amwambie mume wa binti yake kwamba binti yuko katika uchungu tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya? Baba hatamki uchungu wa binti yake mbele ya mkwewe. Na mimi, ambaye jina la mke wangu lilikuwa limenijaa kinywani tangu nilipoiona baiskeli, sikuweza kumwuliza baba yake, hajambo?

Aliyeuliza ni mzungu. Alikuwa akitusikiliza muda wote na daftari lake magotini. Akaniuliza, "Huyu ni baba wa mke wako?" Nikaitikia. Basi akamgeukia mzee, kwa uso mkunjufu kabisa, akasema, "Mzee, binti yako hajambo? Mtoto bado?"

Wanaume wakatazama vikombe vyao. Mimi nilihisi masikio yanawaka moto. Mkwe wangu akainua uso, lakini hakumtazama aliyemwuliza, alinitazama mimi, na kinywa chake kikafunguka. Nimeuona uso ule mara nyingi tangu siku ile. Alikuwa anajibu. Mzungu yule kwa ujinga wake wa adabu alikuwa amemfungulia mlango aliokuwa hawezi kuufungua mwenyewe, na yeye alikuwa ameshanyanyua mguu aingie.

Nikasema, "Bibi, hayo kwetu hayaulizwi. Mwache mzee anywe kahawa."

Na nikacheka. Nilicheka kidogo, ili aibu ipite, na wanaume wote wakacheka pamoja nami, wamefurahi kwamba nimewaokoa. Mkwe wangu akafunga kinywa. Akaweka chini kikombe kimejaa vile vile, akasema, "Haya, nami niwahi," akaichukua baiskeli yake. Alipofika kwenye njia panda alisimama akawa anafunga kamba ya tenga. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Ningeinuka nikamfuata hatua ishirini zile, mbali na watu, angeniambia. Nilikuwa nashughulika kumweleza bibi adabu za watu wa Pemba, na alikuwa akiziandika.

Tukaingia Ngezi asubuhi ya pili yake. Msitu ule ukiuingia unasikia baridi ghafla, na mwanga unakuwa wa kijani. Mivule na mijoho imepanda juu huwezi kuona mwisho wake, na chini mipapindi, minazi ya msituni, imesimama imenyooka na pete zake. Msumeno ulikuwa umeshapita sehemu nyingine miaka ya nyuma, visiki vipo, lakini ndani bado palikuwa pazima. Tulimwona paa akavuka njia. Tulikuta popo katika mti mmoja mkubwa karibu na maji, wengi, wanagombana na kujipepea kwa mbawa zao, na bibi akalala chali juu ya majani akawa anahesabu kwa kunong'ona. Mimi nilihesabu upande wangu. Tulipopata hesabu zinazokaribiana alinipa mkono.

Nilikuwa na furaha siku zile mbili, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Laiti moyo ungenipiga, laiti ningekosa usingizi au chakula kikanikwama. Watu husema moyo huwa unajua. Wangu haukujua kitu. Nilikula vizuri, nikalala vizuri, na asubuhi ya siku ya nne, wakati ule ule aliokata roho, kama nilivyokuja kupiga hesabu baadaye, nilikuwa nimepanda juu ya kisiki namwonyesha mzungu kiota.

Miaka mingi baadaye mpasuaji mbao mmoja wa kule aliniambia jambo. Alisema katika siku zile aliona mzee mmoja na baiskeli ukingoni mwa msitu, anauliza habari za mzungu. Akaambiwa tumeelekea upande wa pwani ya Vumawimbi. Mzee akaikokota baiskeli kwenye mchanga mpaka jua likawa linazama, kisha wakamwona anarudi nayo. Mkwe wangu alikuwa ameshakufa niliposikia haya. Tulikuwa tumeonana Ijumaa nyingi na sikukuu nyingi, tumekula sahani moja, na hatukuwahi kulitaja.

Siku ya tano tukatoka Makangale mapema, na adhuhuri tukaingia Tumbe. Nilitangulia mbele ya wenzangu kama kawaida yangu. Nje ya nyumba ya mkwe wangu niliona mikeka imetandikwa na wanaume wamekaa na misahafu. Nikasema moyoni, bibi yao amefariki, maana palikuwa na bibi mkongwe katika nyumba ile. Nikatoa salamu. Waliitikia, lakini hakuna aliyeinuka, na hakuna aliyenitazama sawasawa. Wakati ule vyama vya siasa vilikuwa vimeshaanza kugawa watu, mpaka mazikoni, nikadhani labda ni hayo.

Jirani mmoja mtu mzima ndiye aliyekuja akanipokea mzigo. Akanikalisha, akanipa maji, akangoja nimeze. Akaniambia kwamba jana alasiri wamemzika mke wangu, na mtoto wake naye pamoja.

Mimi ni mtu wa hasira, nilikuwa hivyo na bado niko hivyo. Nilisimama nikasema kwa sauti, mbele ya misahafu, nataka kujua ni nani aliyekaa siku tatu asimtume mtu kuniita. Wanaume wakatazamana. Jirani yule akanishika mkono, akasema taratibu, "Si alikuya mkweo mwenyewe Konde? Si alikwambia?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna aliyeinuka. Wote pale waliamini nimeambiwa, na nimechagua kwenda na mzungu. Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia mkononi, amesikia yote na ameyaelewa. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nilimwuliza." Niliwaambia wapagazi wamfikishe barabarani apate gari la kurudi Wete. Sikumwona tena.

Mama mkwe akataka niitwe ndani. Mkwe wa kike huzungumza na wewe nyuma ya pazia, na nilishukuru kwamba pazia lipo. Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, amevaa kanzu, magoti ameyakumbatia. Hakuinua kichwa.

Mama alikuwa hana sauti tena, ameshailia yote. Aliniambia kwamba mkunga alisema mapema kabisa, huyu ni wa kupasuliwa, na mwenye duka mmoja alikuwa tayari kutoa gari. Ilikuwa inangojwa idhini yangu. "Baba yake kasikia mko njia ya Konde na mzungu, akenda akakutafuta. Aliporudi twamwuliza, umemwona? Kasema nimemwona, nimemwambia, yuaja." Kila mlango ukilia mke wangu aliuliza, "Kaja?" Siku nzima na siku ya pili yake. Walipokata shauri wampeleke bila mimi, gari lilifika wakati hana nguvu za kunyanyuliwa.

"Watu wamesema mengi, mwanangu," akasema mama. "Wamesema umemwacha kwa ajili ya mzungu. Mwenyewe hakusema hivyo. Alfajiri ile kanishika mkono huu, kanambia, mama, akiya msimlaumu, ana kazi yake. Mwambieni nimemsamehe. Mwambieni nnamuwia radhi dunia na akhera, na yeye aniwie radhi."

Akaningoja niseme.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Sikuambiwa. Lingetosha. Lingenisafisha mbele ya mama huyu na mbele ya wanaume wote waliokaa nje, na lingekuwa kweli. Nikamtazama mzee pale kizingitini. Alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kama alivyonitazama Konde, na mara hii kinywa chake kilikuwa kimefungwa. Alikuwa anangoja nimtaje. Na mimi nikakumbuka kwamba kinywa kile kilikuwa kimefunguka, mchana, barazani, na aliyekifunga ni mimi, na kwamba nilicheka.

Nikasema, "Nashukuru, mama. Nami nimemuwia radhi."